Sifa kwa kaboni, kazi kwa kutu

Chukua kichupa cha haidrojeni peroksaidi kutoka duka la dawa, ile ya asilimia 3 ambayo watu husafishia vidonda. Tone moja lidondoshe kwenye ncha ya penseli. La pili kwenye msumari wenye kutu. La tatu kwenye kipande cha ini bichi. Ini litafura povu papo hapo, kwa sababu limejaa kimeng'enya cha katalesi. Msumari utakawia kidogo, halafu viputo vidogo vitaanza kujitokeza kimoja kimoja kwenye ile kutu. Penseli haitafanya lolote la maana. Tone litakaa pale juu yake na kumeremeta tu.

Nimeanza na jaribio hili la jikoni kwa sababu kisa ninachotaka kukichambua, cha vifaa vya kaboni vya kupimia peroksaidi, kimsingi ni hicho hicho. Kilitokea kwenye maabara za kemia ya umeme miaka ya 2003 hadi 2007. Watu walidhani wanaitazama penseli, kumbe walikuwa wanautazama msumari.

Kwanza, kwa nini mtu ahangaike kupima peroksaidi? Sababu kubwa ni sukari. Kimeng'enya cha glukosi oksidesi kikikutana na glukosi na oksijeni hutoa peroksaidi, kwa hiyo ukiipima peroksaidi umeipima sukari bila kuigusa. Wazo la kubandika kimeng'enya juu ya elektrodi, yaani kipande cha kupitishia umeme, lilitolewa na Leland Clark na Champ Lyons mwaka 1962, na kufikia 1975 kampuni ya Yellow Springs ya Marekani ilikuwa inauza mashine ya kupima sukari ya damu kwa njia hiyo. Sababu nyingine ni viwandani: pakiti za maziwa na juisi zinazokaa miezi bila friji husafishwa kwa peroksaidi kabla ya kujazwa, na sheria ya Marekani hairuhusu mabaki yazidi sehemu 0.5 kwa milioni.

Sababu ya tatu tunaijua vizuri huku kwetu. Maziwa yakamuliwe alfajiri, yapandishwe bodaboda ndani ya dumu, yafike mjini saa nne jua likiwa kali. Mwenye kuogopa yasije yakaganda anatia peroksaidi. Kuna njia inayokubalika ya kutumia kiasi kidogo mno: mwongozo wa 1991 wa Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, unaelekeza miligramu 14 za thaiosayaneti ya sodiamu na miligramu 30 za pakaboneti ya sodiamu kwa kila lita, ili kuiamsha kinga ambayo maziwa yenyewe yanayo tayari. Hizo miligramu 30 hutoa peroksaidi isiyofika miligramu 10 kwa lita, yaani robo ya milimoli hivi. Ile ya kichupa cha duka la dawa ni kali kuliko hiyo zaidi ya mara 3,000. Anayekadiria kwa kifuniko cha chupa hajui anaangukia wapi, na mnunuzi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa hana laktometa ya kumwambia. Laktometa inaona maji tu.

Basi kihisi kinahitajika. (Ninasema kihisi kwa makusudi, ukimwambia mtu kijijini umeleta sensa ya maziwa ataanza kukuhesabia watoto.) Kihisi cha namna hii ni kitu rahisi: elektrodi inachovywa kwenye kimiminika, inapewa volteji fulani, na molekuli ya peroksaidi ikigusa uso wake ama inapokonywa elektroni mbili ikawa oksijeni, ama inapewa mbili ikawa maji. Elektroni hizo ndizo mkondo, na mkondo ndio kipimo.

Shida ni kwamba peroksaidi ni mbishi. Juu ya kaboni tupu haitoi wala kupokea elektroni mpaka uisukume kwa volteji kubwa. Platinamu inaiweza kwenye volti 0.6 au 0.7, lakini platinamu ni ghali mno, na kwenye volteji hiyo vitamini C, asidi ya yuriki na hata panado aliyomeza mgonjwa navyo hutoa elektroni zao. Unasoma mkondo usijue ni wa nani. Njia ya kukwepa hayo ilikuwa kubandika kimeng'enya cha peroksidesi, kinachochujwa kwenye mzizi mmoja mkali wa Ulaya wa ukoo wa kabichi na haradali. Kinafanya kazi safi sana. Ila ni ghali, kinataka friji, na joto la mchana la Tanga au Mombasa likikikuta juu ya meza wiki nzima, kinakufa. Ndiyo maana watu wamekuwa wakitafuta kihisi kisicho na kimeng'enya, na ndiyo maana kaboni ilipoonekana kuiweza kazi hiyo peke yake, shangwe zilikuwa kubwa.

Mirija ya kaboni, ile midogo ambayo ukiipanga maelfu kwa maelfu ubavu kwa ubavu haifikishi unene wa unywele, ilipata umaarufu baada ya maelezo ya Sumio Iijima wa Japani mwaka 1991. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakemia ya umeme wakaanza kuipaka juu ya elektrodi zao. Mwaka 2003 Joseph Wang na wenzake, wakati huo akiwa New Mexico, walionyesha kwamba mirija iliyotawanywa kwenye polima ya Nafion na kukaushwa juu ya elektrodi ya kaboni inaukuza mkondo wa peroksaidi na kuishusha sana volteji inayohitajika. Matokeo yalikuwa ya kweli. Yalirudiwa na wengi. Baada ya hapo makala zilimiminika, na karibu zote zilikuwa na sentensi moja ya aina ile ile: mirija ya kaboni ina sifa za kipekee za kuchochea mmenyuko. Kipekee kivipi? Hapo ndipo wino ulikuwa unakauka.

Nimesoma tasnifu nyingi zenye sentensi hiyo. Nami niliwahi kuiandika, tena bila aibu.

Waliokataa kuimeza walikuwa kundi la Richard Compton, Oxford. Hawakuanza na chuma. Walianza na umbo la kaboni yenyewe, na hapa inabidi tuisogelee grafiti. Grafiti ni kama chapati zilizopangwa kwenye sahani. Ukiligusa rundo kwa juu, unagusa uso laini wa chapati moja. Ukiligusa ubavuni, unagusa kingo za chapati zote. Kwa elektroni hizo ni nchi mbili tofauti. Usoni hupita kwa taabu, kingoni hupita kwa wepesi. Mrija wa kaboni nao ni chapati iliyokunjwa kuwa bomba: ubavu wake ni uso laini, ncha zake ni kingo. Kundi la Compton, kazi nyingi zikiwa mikononi mwa Craig Banks, walionyesha mwaka 2004 na 2005 kwamba kwa molekuli kadhaa, kipande cha grafiti kilichokatwa ili kingo zikae juu kinafanya karibu yote ambayo mirija inasifiwa kwayo. Yaani sifa nyingi za mirija ni sifa za ncha zake, na ncha hizo hazina ajabu kuliko ubavu wa rundo la grafiti.

Wangeweza kuishia hapo. Maelezo yalikuwa mazuri na yangetosha kuwapa heshima. Lakini walipoijaribu hoja yao kwenye molekuli nyingine, haidrazini, kingo hazikutosha. Mirija ilitoa ishara ambayo grafiti ya kingo haikuitoa. Mtu mvivu angesema, basi, mirija ina upekee kweli. Wao wakauliza kitu kingine: ndani ya hii mirija kuna nini kisichokuwa kaboni?

Jibu linajulikana kwa kila anayeitengeneza. Mirija mingi hukuzwa kwa kupitisha gesi yenye kaboni, kama asetilini au methani, juu ya chembechembe za chuma, nikeli au kobalti kwenye tanuri la mamia ya nyuzi za joto. Gesi inavunjika juu ya chembe, kaboni inaingia, inajaa, inachomoza kama mrija. Chembe ile haiondoki. Inabaki kwenye ncha, au imenaswa katikati ya mrija, au imefunikwa kwa tabaka za kaboni kama kokwa ndani ya tunda. Bidhaa inayouzwa kwenye kichupa chenye lebo ya mirija ya kaboni inaweza kuwa na metali asilimia kadhaa kwa uzito. Na chuma kilichokaa kwenye hewa na maji kinageuka oksidi. Kwa Kiswahili cha nyumbani, kutu.

Mwaka 2006 zikatoka makala mbili. Ya kwanza, kuhusu haidrazini, ilisema waziwazi kwenye kichwa chake kwamba uchafu wa metali ndio unaosababisha uchochezi unaoonekana kwenye baadhi ya elektrodi za mirija. Ya pili iliandikwa na Biljana Šljukić, Banks na Compton, nayo ilihusu peroksaidi yenyewe: chembe za oksidi ya chuma ndizo mahali pa kazi kwenye elektrodi za mirija yenye kuta nyingi. Kurasa tatu tu.

Mbinu yao ndiyo inayonivutia kuliko hitimisho, kwa kuwa haikuhitaji mtambo wa mamilioni. Unapima grafiti ya uso laini. Unapima grafiti ya kingo. Unapima grafiti iliyopakwa mirija. Halafu unachukua unga wa oksidi ya chuma, wa kununua tu kwenye kopo, unausugua juu ya grafiti isiyo na mrija hata mmoja, na unapima tena. Ishara ikitokea mahali pale pale ilipotokea kwa mirija, mshukiwa wako umempata bila kumpigia mtu kelele. Ni kama kujua nani anayepika vizuri kwenye mgahawa: mpe mpishi likizo siku moja, mwache mwenye mgahawa jikoni, uonje.

Mtu anaweza kuuliza mbona Wang na wengine hawakuliona hilo. Sioni haja ya kuwasakama. Walipima peroksaidi, na kihisi chao kiliiona. Kosa halikuwa kwenye namba, lilikuwa kwenye kumtaja mfanyakazi. Elektrodi ya kulinganishia waliyotumia watu wengi wakati ule ilikuwa kaboni tupu bila mirija, na linganisho hilo linajibu swali moja tu: je, kupaka kitu hiki kunasaidia? Halijibu ni nini ndani ya hicho kitu kinachosaidia. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja, mirija na kutu yake, huna haki ya kumpa mmoja sifa zote.

Na ukiifikiri kemia yenyewe, ajabu ingekuwa kama chuma kisingehusika. Chuma na peroksaidi wana historia ndefu. Mwaka 1894 Henry Fenton alieleza jinsi chumvi ya chuma ikichanganywa na peroksaidi inavyoishambulia asidi ya tataro, asidi ambayo mojawapo pekee ingeiacha salama. Kimeng'enya cha peroksidesi tulichokitaja, kile cha mzizi mkali, kina molekuli iitwayo himu katikati yake, na katikati ya himu kuna atomu ya chuma. Katalesi ya ini nayo ni vivyo hivyo. Mwaka 2007, mwaka mmoja tu baada ya makala ya Oxford, kundi la watafiti wa China walionyesha kwamba chembe ndogo za magnetaiti, oksidi ya chuma yenye sumaku, zinafanya kazi ya peroksidesi bila protini yoyote. Kwa hiyo waliokikimbia kimeng'enya kwa kukumbatia kaboni walikuwa wamerudi kwenye chuma kile kile kwa mlango wa uani, bila kumwona bawabu.

Swali lililofuata lilikuwa rahisi: si tuioshe tu? Asidi ya nitriki ya moto inayeyusha chuma, kila mtu anajua. Mwanakemia Martin Pumera alijibu mwaka 2007. Aliiosha mirija kwa asidi ya nitriki yenye joto, akaitazama kwa hadubini ya elektroni, na metali bado ilikuwamo. Chembe zilizofunikwa na tabaka kadhaa za kaboni hazifikiwi na asidi. Hili linauma, kwa sababu maneno "mirija ilioshwa kwa asidi" yalikuwa yamekuwa kama udhu: ukiyaandika kwenye sehemu ya mbinu, unahesabika msafi.

Mtu angetarajia kwamba baada ya hapo somo limeeleweka. Halikueleweka sana. Grafini, yaani chapati moja tu ya lile rundo la grafiti, ilipoingia, sinema ikarudiwa kuanzia mwanzo. Grafini nyingi ya kwenye vihisi hutengenezwa kwa kuoksidisha grafiti kwa njia ya Hummers ya 1958, inayotumia pamanganeti ya potasiamu kwa wingi, halafu oksijeni inaondolewa. Mwaka 2012 Pumera na wenzake walionyesha kwamba grafini ya namna hiyo inabeba metali zilizokuwa kwenye grafiti mama, na mwaka uliofuata kwamba grafini zilizotangazwa kuwa hazina metali zilikuwa na mabaki ya manganizi yaliyotosha kuchochea mmenyuko wa oksijeni. Mwaka 2020 walichoka wakafanya dhihaka ya kisayansi: wakachanganya grafini na kinyesi cha ndege, wakaipima, na ikawa kichocheo bora kuliko grafini tupu. Kinyesi kina naitrojeni, fosforasi, salfa na mengineyo. Hoja yao ilikuwa kwamba ukiongeza kitu chochote, kitu fulani kitaongezeka, na hilo peke yake si ugunduzi. Nilicheka, halafu nikakumbuka makala zangu nikaacha kucheka.

Sisemi kwamba kila kihisi cha kaboni ni kutu iliyojificha. Kingo zinafanya kazi kweli kwa molekuli nyingi, na kuna mirija iliyokuzwa kwa nikeli au kobalti ambayo hadithi yake ni nyingine. Kaboni pia ina kazi kubwa isiyoimbwa: inabeba umeme, inatandaza eneo, inazishika chembe zisikimbie. Ni nyumba nzuri sana. Ninachokataa ni kuita nyumba fundi.

Kuna waliokiona chuma mapema na kukialika kwa jina lake. Buluu ya Prussia ni rangi iliyopatikana Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, na ndani yake ni chuma na sayanidi vilivyofungamana kama wavu wa samaki. Mwaka 1978 Vernon Neff alieleza jinsi ya kuitandaza juu ya elektrodi kwa umeme. Miaka ya 1990 Arkady Karyakin wa Moscow akaifanya kihisi cha peroksaidi, na baadaye akaiita peroksidesi ya kubuni. Matundu ya wavu huo ni madogo: peroksaidi inapita, vitamini C haipiti. Na kazi inafanyika karibu na volti sifuri, pale ambapo panado na asidi ya yuriki wamelala. Kihisi hiki hakina kimeng'enya, kinakaa vizuri juu ya kaboni ya bei rahisi, na kila anayekitumia anajua ni nani anayemlipa mshahara.

Ukimjua mfanyakazi unajua pia magonjwa yake. Buluu ya Prussia ikifanya kazi lazima ayoni ziingie na kutoka kwenye wavu kila elektroni inapopita. Potasiamu anapita. Sodiamu, ingawa atomu yake ni ndogo, anatembea amezungukwa na maji mengi yaliyomshikilia, kwa hiyo anakwama mlangoni. Mwanafunzi akitengeneza bafa yake, kile kimiminika cha kushikilia pH, kwa chumvi za sodiamu kwa kuwa ndizo zilizokuwa kabatini, kihisi chake kitadhoofika kila mzunguko, na atamlaumu aliyemuuzia elektrodi. Tena, peroksaidi ikipewa elektroni huzaa haidroksaidi, yaani alkali, na hiyo ndiyo inayomla chuma wa buluu hii. Kihisi kinajitafuna kwa mazao ya kazi yake, hasa kimiminika kikikosa hata asidi kidogo. Maziwa mabichi yana bahati mbili hapa: yana asidi kidogo, pH 6.6 hadi 6.8, na potasiamu yake ni nyingi kuliko sodiamu, takriban gramu moja na nusu kwa lita. Mafuta na kaseini, ile protini ya maziwa, ndivyo vinavyoharibu raha, vinaganda juu ya uso kama utando wa chai ya maziwa iliyopoa, na usipochuja au kuongeza maji mkondo unashuka bila peroksaidi kupungua.

Huku kwetu kisa hiki kinagusa penseli. Ukitaka elektrodi ya kaboni na huna bajeti, unachonga penseli ya HB, au unapasua betri kuukuu ya redio ukatoa ule ujiti mweusi wa katikati. Vyote vinafanya kazi, na mimi ni mpenzi wa ujiti wa betri. Lakini ncha ya penseli ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, na udongo haukosi chuma. Ujiti wa betri umekaa miaka ndani ya dioksidi ya manganizi, na manganizi ni kichocheo kingine kikali cha peroksaidi, kuliko hata kutu. Hata grafiti ya Mahenge au Lindi, kule Tanzania, nzuri kama ilivyo, imetoka ardhini ikiwa na jirani zake. Mtu akiniletea mchoro unaoonyesha kwamba ujiti wa betri usiopakwa chochote unaiona peroksaidi kwenye volteji ndogo, sitampongeza kwanza. Nitamuuliza ameusugua kwa msasa kiasi gani.

Hapo huja swali ambalo huulizwa kwenye kila kikao cha kutetea tasnifu, kwa kawaida na mhandisi aliyekaa nyuma: kama kinapima, kuna tatizo gani nani anafanya kazi? Ni swali zuri na lina jibu la kihandisi. Kutu haikupimwa ulipotengeneza kihisi, kwa hiyo kichupa kipya cha mirija kutoka kwa muuzaji yule yule kinaweza kuwa na nusu ya kutu, au mara tatu, na mstari wako wa kipimo wote unahama. Maziwa yaliyoanza kuchacha yana asidi, na asidi inaichukua kutu iliyo wazi kidogo kidogo, kwa hiyo kihisi cha asubuhi si kihisi cha jioni. Chuma kilichotoroka kikikutana na peroksaidi kinafanya ile kazi ya Fenton, na radikali za haidroksili, vipande vya molekuli vyenye ukali mno, zinazozaliwa pale hushambulia karibu kila kitu cha kikaboni kilicho jirani, gundi ya kihisi ikiwemo. Na kama kutu ndiyo inayofanya kazi, kwa nini ulipe bei ya mirija? Nunua unga wa kutu.

Ukitaka kujua kama kuna chuma ndani ya kaboni yako, huhitaji kuipeleka ng'ambo kwenye mtambo wa plazima. Choma kaboni kwenye kikombe cha kauri ndani ya tanuri mpaka ibaki majivu. Grafiti ni ngumu kuungua, kwa hiyo jipe muda na joto la kutosha. Yeyusha majivu kwenye asidi ya haidrokloriki ya uvuguvugu, iache ipoe, dondoshea thaiosayaneti ya potasiamu. Kama kuna chuma, kimiminika kinageuka chekundu cha damu mbele ya macho yako, na wekundu ukiulinganisha na vichupa vya chuma ulichokipima mwenyewe unapata kadirio la kiasi. Manganizi haitajionyesha kwa njia hii, itabidi uitafute kivyake.

Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikuwa na vichupa vitatu: ujiti wa betri, penseli, na kimoja cha kulinganishia kisicho na kaboni kabisa, asidi na thaiosayaneti tu. Vyote vitatu viligeuka vyekundu. Nilikaa nikiviangalia kwa muda. Asidi ilikuwa ile ya daraja la chini, ya jagi la plastiki, ambayo ukiitazama kwenye mwanga ina umanjano kidogo. Umanjano huo ndio chuma.